Kamusi ya mtumba ya elfu kumi na nane, Scrabble ya plasta, na jioni zetu bila katuni

Dogo wangu yuko la tatu. Siku hiyo kapewa homuweki ya kutafuta maana za maneno kumi, neno la kwanza "wanapalilia", kakaa na kikamusi cha mfukoni cha kaka yake robo saa nzima anapekua herufi W, afu kaja jikoni machozi yanamtoka, "mama hii kamusi mbovu, haina wanapalilia." Kaka yake wa la sita akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia haya, wewe unayecheka, nitafutie "nyufa". Akaenda N. Akatafuta weee, nya, nye, nyu, hamna. Kicheko kikahama upande.

Hapo ndo nikashtuka kwamba wote wawili wanasoma vizuri tu, stori wanasoma, gazeti la baba yao wanasoma, ila kitabu cha kutafutia vitu hawajui pa kukishikia. Wanaambiwa tu "katafuteni" na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha inatafutwaje. Mi mwenyewe nikajiuliza nilijulia wapi, nikakumbuka Sunday skuli kule Machame, mwalimu anasema "Biblia juu!" sote tunanyanyua, anataja Habakuki 2:4, vurugu ya kurasa hiyo, wa kwanza kuipata anasimama anasoma kwa sauti. Na alikuwa mjanja yule, siku nyingine anataja Obadia 2:3, watu tunatafuta mpaka jasho, kumbe Obadia ina sura moja tu. Hamna aliyewahi kutuambia kwamba tunajifunza kitu, sisi tulikuwa tunagombea pipi.

Basi tangu Januari nimenunua vitu vitatu, kamusi, atlasi na Scrabble (ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni upate maneno), vyote mtumba, na hii ni rivyuu ya hivyo vitu pamoja na magemu tuliyoyatoa humo. Vingine vimetupa raha sana, vingine hamna kitu, nitasema vyote.

Naanza na kamusi. Ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la pili, la 2004. Kwa asiyejua, la kwanza lilitoka 1981, kazi ya TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baada ya hili langu kuna la tatu la 2013. Nimeinunua kwa mmoja wa wale wanaopanga vitabu chini mjini, jina sitaji na kona sitaji. Yeye yuko elfu thelathini, mi niko kumi na mbili, tukavutana pale jua linatuwakia, tukamalizana kumi na nane. Nikaifunguafungua katikati, safi, gamba limechoka kidogo ila limeshika, nikalipa nikapanda daladala najiona mjanja kweli. Wiki ya pili ndo tunagundua karatasi mbili zimechanwa, yaani kurasa nne nzima, kuanzia maeneo ya kinanda mpaka kioo. Nikarudi. Akaniambia "dada, kitabu kikishapanda daladala si changu tena." Hata aibu hana. Kwahiyo ushauri wa kwanza, ukinunua kitabu cha mtumba usikifungue katikati tu kama mimi, kaa pembeni uangalie namba za kurasa moja moja, muuzaji akinuna mwache anune.

Ila tukiacha hizo kurasa nne, kamusi yenyewe nimeipenda kuliko nilivyotegemea, na nasema hivyo kama mtu aliyekuwa anaiona ni kitu cha mwalimu. Gemu letu la kwanza lilitokana na yale machozi ya wanapalilia. Dogo analiita "kumvua neno shati". Natunga sentensi, kwa mfano "hawakutuletea meno ya tembo", afu mtoto anavua nguo moja moja mpaka afike mwilini: vua ha, vua wa, vua ku, vua tu, hapo umebaki na letea, ng'oa mkia, unapata leta, kimbia L. Meno nayo unayavua inabaki jino, kimbia J. Anayeweka kidole kwenye neno kwanza kapata pointi. Kinachofanya gemu hili liwe tamu ni kwamba Kiswahili chenyewe kina mitego yake ya asili, huna haja ya kutunga. Kurasa iko kwenye U, maana ni ukurasa. Ndimi iko U, ulimi. Wezi wako M. "Kula" iko L, pale kwa la, na dogo alikataa kabisa kwamba neno zima linaweza kuwa la herufi mbili. "Nyekundu" iko E, nyeupe E, jeusi E, hii iliwachukua siku mbili kuikubali, mkubwa akaniuliza kwahiyo mama rangi yenyewe inaitwa ekundu? Ndio baba, ekundu, hayo mengine ni mashati.

Mtego nilioupenda kuliko yote ni "kuta". Niliandika "kuta za nyumba yetu zina rangi ya bluu". Dogo akakimbia K, akaipata kuta chap, akapiga ukelele, akasoma kwa majivuno kwamba ni kumfikia mtu mahali alipo. Mkubwa kanyamaza tu anafungua U polepole huku anatabasamu kama mwizi. Ugomvi uliofuata ulikuwa mzuri sana, maana dogo neno lake lipo kweli kwenye kamusi, na hakuelewa kwanini anakosa pointi wakati limeandikwa hivyohivyo. Ilibidi arudi kwenye sentensi asome tena, nyumba yetu inamkuta nani? Akacheka mwenyewe.

Kitu kingine, ule wimbo wa ABC wa nasari unawapotosha. Dogo alikuwa anatafuta R akafika P akageuza akaona R, akasema wamesahau Q. Hawajasahau, kwetu haipo, X haipo, na C peke yake haipo ni CH. Alfabeti yetu ina herufi 24. Sasa hivi wanapokimbizana hawaanzi mwanzo wa kitabu, wanagawa, A mpaka J mkono wa kushoto, M iko katikati na ni nene balaa kwa sababu ya watu wote na miti yote, na wanaangalia yale maneno ya juu ya ukurasa badala ya kushuka na kidole mstari kwa mstari. Sikuwafundisha hilo. Mkubwa aligundua ndo linamfanya ashinde, akaficha siri wiki nzima, dogo akamchungulia.

Haya, tuje kwenye mfalme wa magemu. Nje kuna gemu linaitwa Fictionary, na kuna lililotengenezwa Canada likauzwa kwenye boksi tangu 1984 linaitwa Balderdash, ila huhitaji boksi lolote, unahitaji kamusi, karatasi, kalamu na sufuria. Sisi tunaliita Mwongo Mwongo. Mmoja anashika kamusi, anatafuta neno analoona hakuna anayelijua, analitaja. Kila mtu anaandika maana ya kutunga, mwenye kamusi anaandika ya kweli, vikaratasi vyote kwenye sufuria, anachanganya, anasoma kimoja kimoja kwa sura kavu bila kucheka, watu wanapiga kura. Ukipata ya kweli pointi mbili, na kila uliyemdanganya anakupa pointi moja.

Siku ya kwanza uongo wao ulikuwa wa kitoto, unaujua kwa mbali. Mkubwa akaja kugundua kwamba ili udanganye vizuri lazima uandike kama kamusi inavyoandika. Akaanza kukagua kamusi inasemaje, akaona kila nomino ina nm, ina ngeli kwenye mabano, kitenzi kina kt, maelezo ni mafupi hayaanzi na "hii ni kitu ambacho". Zamu iliyofuata neno lilikuwa "kidakatonge", kikaratasi chake kikasomwa hivi: "nm [ki-/vi-] kijiko kipana cha mti cha kupakulia ugali wa wageni." Jamani. Wote tulikipigia kura, mpaka baba yao. Kumbe kidakatonge ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni. Dogo akachukua simu akawasha tochi, akaenda kwenye kioo akapanua mdomo, akakaa huko dakika tano anakiangalia anasema aaaa.

Baba yao yeye ni mvivu wa kutunga, neno lolote ukimpa anaandika "aina ya samaki". Shubaka, aina ya samaki. Chakubimbi, aina ya samaki. Mtondogoo, aina ya samaki wa mtoni. Imekuwa kichekesho cha nyumba, ikisomwa "aina ya samaki" watoto wanapiga makofi. Sasa juzijuzi dogo ndo kashika kamusi, akataja "bunju". Watu tukacheka, Bunju si kule juu barabara ya Bagamoyo, daladala kila siku zinaandika. Mi nikaandika sijui mti gani, mkubwa akaandika kilima chenye udongo mwekundu, baba yao kama kawaida. Dogo akasoma vikaratasi, akafika kwenye viwili vinavyosema aina ya samaki, kimoja kimeongeza mwenye sumu, na hakuna hata mmoja aliyevipigia kura. Bunju ni samaki kweli, yule anayevimba akiguswa. Baba yao alisimama akazunguka meza mara mbili mikono juu kama kafunga goli.

Halafu kuna mama mkwe wangu, alikuja kutoka Pangani kwa ajili ya matibabu ya macho, alikaa kwetu wiki sita. Herufi za kamusi haoni kabisa, kamusi yoyote nene ina herufi za kuchungulia na hili mjiandae nalo kama mna wazee. Lakini huyu bibi ndo alikuwa anatumaliza. Anakaa kwenye mkeka, anaandikiwa na mjukuu uongo wake, na ukweli anaujua bila kitabu. Tulivyotaja shubaka akanyamaza kidogo akasema, "mume wangu, hilo si neno la kuniuliza mimi," anamwambia dogo hivyo, si unajua bibi na wajukuu, "kwetu taa ilikuwa inakaa kwenye shubaka, na chini ya taa marehemu babu yako anaweka tumbaku yake." Tukafungua: nafasi iliyoachwa ndani ya ukuta ya kuwekea vitu, haitokezi upande wa pili. Hata kura hatukupiga. Siku ya "kigego" alieleza kwamba ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na kwamba zamani watu walikuwa wanamwogopa mtoto kama huyo, wanaona ni mkosi, na akasema asiyopenda kuyasema mbele ya watoto tuyaache hapohapo. Mkubwa alitaka kuuliza zaidi, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Kuna siku bibi alibishana na kamusi yenyewe. Neno silikumbuki ila alisema hapo wameandika kwa lugha ya wasomi, Pangani halina maana hiyo peke yake. Dogo macho yamemtoka, kwahiyo bibi kamusi imekosea? Bibi akasema haijakosea, haijafika kwetu tu. Mi nilitaka kuingilia nikaona niache.

Mwongo Mwongo nampa nyota tano, na kasoro yake moja ni kelele, kama mna mtoto mchanga amelala msijaribu. Na mtondogoo tumeipata huko, siku inayofuata mtondo, yaani leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Ukimuuliza mkubwa wangu vyombo ataosha lini ndo jibu lake sasa.

Wapo watakaosema si wangetumia simu tu, unaandika neno jibu linakuja. Ni kweli na mi natumia nikiwa kazini. Ila simu inakupa ulichoomba basi. Dogo alikwenda kutafuta "chafya" akarudi na "chakubimbi", akaisoma kwa mbio, mtu mmbeya mchonganishi, na tangu siku hiyo kuna jirani mmoja nyumbani kwetu anaitwa hivyo kwa siri na namwomba Mungu asije kusikia. Chakubimbi hawezi kumtafuta kwenye simu maana hakujua kama yupo.

Nilishika pia Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ile ya 2015, anayo mwalimu jirani yetu. Kwa Mwongo Mwongo ni hazina, imesheheni. Kwa kukimbizana dogo hakuiweza, ni nene, anaigeuza kwa mikono miwili kama anakunja godoro. Kama mtoto wako yuko juu ya la tano chukua hiyo.

Scrabble sasa. Nimeipata kwenye mitumba ya midoli, boksi limechanika kona ila vipande vyote mia vipo, hii nilihesabu, nilishajifunza. Ni ya Kiingereza. Na kabla hujamnunulia mtoto kwa ajili ya Kiswahili uelewe kitu kimoja, zile herufi zimepimwa kwa Kiingereza. E ziko 12, A ziko 9, na K iko moja tu. Moja! Huwezi kuandika kuku. Huwezi kuandika kaka, keki, kikoi, mpaka uwe na kile kipande kitupu kinachosimama badala ya herufi yoyote. Jioni ya kwanza kila mtu alikuwa anaililia K, na Q na X zimekaa kwenye vibao vya watu kama wageni waliokosa pa kwenda.

Tulichofanya, nilitoa plasta ile nyeupe ya hospitali, nikakata vipande vidogo, Q ikawa K, X ikawa K, na E tatu zikawa A. Hapo mambo yakaanza kuja. Ugomvi ukawa kwenye pointi, maana ile Q ya asili ina pointi 10 na X ina 8, mkubwa akaweka "kaka" kwa K za plasta akadai mahesabu ya ajabu, dogo akatishia kumwaga ubao. Tukakubaliana K ya plasta ni pointi mbili na tumeiandika na kalamu juu ya plasta, siku ya tatu wino umefutika, tumeiandika tena.

Ila shida kubwa zaidi ya K ni kwamba Kiswahili hakiishi. Mtu kaweka "pikia", mwenzake anaongeza "na" mwishoni anapata "pikiana", mwingine anaweka "wa" mbele, "wapikiana", gemu linakuwa treni. Sheria yetu ikawa hivi, weka urefu wowote utakao lakini ukipingwa una dakika moja ya kufungua kamusi uonyeshe mwili wa hilo neno uko wapi. Ukiuonyesha, aliyepinga anakosa zamu. Ukishindwa unanyanyua vipande vyako. Na hapa ndo ile "nyufa" ya siku ya kwanza ilirudi. Dogo kaiweka, kaka yake kwa usahaulifu wake akapinga! Dogo kafungua U taratibu, hana haraka, kaweka kidole kwenye "ufa", kamwangalia kaka yake, hajasema kitu. Nilitamani ningepiga picha.

Scrabble ya plasta nyota nne. Inachukua muda mrefu, saa moja na nusu, kwahiyo ni ya wikiendi au siku umeme umekatika na kandili ipo.

Atlasi nilitegemea ndo itapendwa, picha, rangi, bendera. Wiki mbili za kwanza ilikaa tu. Nilianzisha lile gemu la herufi ya mwisho, mtu anataja mji, anayefuata aanze na herufi ulioishia, na hauhesabiki mpaka umeuonyesha kwenye ramani kwa kupitia faharasa ya nyuma, namba ya ukurasa na kile kimraba chenye herufi na namba. Wazo zuri, ila nilisahau kwamba sisi tunaishi kwenye nchi ya A. Tanga, Arusha, Mwanza, Dodoma, Iringa, Mbeya, Songea, Mtwara, Tabora, Kigoma, Singida, Musoma, Bukoba, wote A! Mtu akisema Moshi au Morogoro unashukuru kama kakupa maji. Wakahamia miji mikuu ya nje wakidhani wamepona: Accra, A. Abuja, A. Asmara, A. Ankara, Addis Ababa, A tena. Mpaka dogo akazama kwenye faharasa kwenye A akaibuka na Antananarivo ya Madagaska, tumepata O, shangwe, kaka yake akaweka Oslo, O tena, mimi nikaweka Ottawa. Walinizomea. Ile ndo siku faharasa ilieleweka nyumbani kwetu, walivyokuwa wanatafuta mji wowote duniani unaoanza na A usioishia na A.

Lakini gemu bora la atlasi lilikuja kwa ajali. Atlasi yangu ni ya zamani, na mkubwa akaniletea akilalamika, mama Sudan Kusini haipo. Nikataka kusema umeangalia vibaya, naangalia kweli Sudan ni moja, Juba ipo ila kama mji wa kawaida tu. Nikamwambia fungua karatasi za mwanzo kabisa, zile tunazorukaga, angalia imechapwa mwaka gani. Sudan Kusini imekuwa nchi Julai 2011, atlasi imechapwa kabla. Basi ikawa gemu, Kamata Atlasi, pointi moja kwa kila kitu ilichopitwa na wakati. Wamekamata Swaziland, siku hizi Eswatini tangu 2018. Wamekamata Tanzania yenyewe, haina mkoa wa Geita, Katavi, Njombe wala Simiyu, hiyo ni mikoa ya 2012, na Songwe ya 2016, ukiijumlisha hiyo mitano na 26 ya kwenye ramani unapata 31 ya sasa. Kuthibitisha wanatumia kitabu cha shule cha mkubwa, na vikipingana wanatazama kipi kimechapwa karibuni. Sasa hivi dogo akishika kitabu chochote, hata cha mapishi, anaanza na mwaka. Ule uzee wa atlasi niliotaka kuulalamikia ndo umekuwa faida yake, mpya isingetupa hili.

Jingine la rula, weka rula kwenye Dodoma iende mashariki sawasawa na mistari ya latitudo uone inagonga wapi baharini. Inagonga Unguja, mjini kabisa, zote ziko nyuzi 6 na dakika 10 hivi kusini. Baba yao alibisha, akaweka rula mwenyewe mara tatu. Atlasi nyota nne.

Vilivyofeli nitavisema haraka. Kuwauliza maana mmoja mmoja kama chemsha bongo, "haya nani anajua maana ya fulani", ilikufa siku hiyohiyo, dogo akasema hii ni shule. Kitabu cha simu cha zamani alichokuja nacho bibi kafungia mizigo, nilidhani ni kizuri kwa kupanga majina kwa alfabeti, wakakiangalia dakika mbili, dogo akauliza kwahiyo watu walikubali namba zao ziandikwe humu kila mtu azione? Wakaishia hapo. Na Jumamosi moja niliwapeleka Maktaba Kuu pale Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere 1967, kwa ajili ya kuwinda rafu kwa namba za Dewey, zile maktaba wanazopangia vitabu kwa mada, niliwaandikia vikaratasi, 599 wanyama wanaonyonyesha, 796 michezo, 523 nyota na sayari. Hii haijafeli, kosa ni langu, nilikwenda nao saa tano na nusu na Jumamosi unatakiwa kuwahi, mkubwa alifika 796 akakaa chini na kitabu cha mpira na uwindaji ukaisha. Tutarudia asubuhi.

Sasa zile kurasa nne zilizochanwa. Nilitaka kwenda kutoa kopi kwa mwalimu jirani nizibandike. Watoto wakakataa, wakasema wataziandika wenyewe, na kila gemu likigonga neno la humo, kinu, kinyozi, kinywa, wanaandika kwenye karatasi ya daftari wanabandika kwa gundi ya unga wa ngano. Mpaka sasa yako kumi na moja, na bibi kabla hajarudi Pangani alichangia kinubi. La mwisho ni la juzi, mwandiko wa dogo, limekatwakatwa mara mbili kwa sababu kwanza aliweka [ki-/vi-] afu akaulizwa na kaka yake, utasema kinyonga kimepita au kinyonga amepita? Limebaki hivi: "kinyonga nm [a-/wa-] mjusi mwenye kubadilika rangi ukimtazama, hana haraka."